Daftari la Kano na Fahali wa Oyama

Mtu akiulizwa amtaje mwasisi wa mchezo wowote wa mapigano, humtaja aliyepiga. Masutatsu Oyama, mzaliwa wa Korea aliyeasisi karate ya Kyokushin mjini Tokyo, anakumbukwa kwa kupambana na mafahali mikono mitupu na kuwavunja pembe. Ndugu wa ukoo wa Gracie wa Rio de Janeiro, waasisi wa jiu-jitsu ya Brazil, wanakumbukwa kwa matangazo ya gazetini ya kumwita yeyote anayejiona dume aje wapimane. Hadithi hizi ni tamu, na sina nia ya kumharibia mtu utamu wake. Ila ukiweka hadithi pembeni ukamsikiliza mzazi anayetafuta pa kumpeleka binti yake wa miaka tisa, au kijana wa Temeke anayetaka kufungua klabu yake mwenyewe, mafahali hawana msaada. Wao wanataka kujua kwa nini shule moja ya mapigano hudumu miaka mia na nyingine huzikwa na mwenyewe. Jibu langu halitamvutia mtengeneza filamu. Hudumu ile iliyoandikwa, yaani yenye daftari la wanafunzi, mtaala unaojulikana, ada iliyotajwa hadharani na utaratibu wa kumpata mwalimu wa pili. Klabu zetu za karate, judo, taekwondo na kung-fu zina upungufu huo kuliko zinavyopungukiwa na mabingwa.

Jigoro Kano alikuwa na miaka 21, ametoka chuo kikuu juzi tu, alipofungua Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882 ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo. Chumba kilikuwa cha mikeka 12, na mwaka huo wa kwanza alipata wanafunzi tisa. Hakuwa pande la mtu. Jujutsu aliyojifunza ilikuwa imeshuka hadhi baada ya tabaka la samurai kuvunjwa, na baadhi ya walimu wake wa zamani walikuwa wakiishi kwa kuunga mifupa. Kano akaweka daftari. Kila aliyejiunga alikula kiapo akaandika jina. Kisha akapanga ngazi. Shule za zamani zilikuwa na vyeti vichache, kimoja kikitengana na kingine kwa miaka mingi, na mafunzo mengine yalifichwa kama siri ya ukoo. Yeye akaikata safari hiyo vipande vifupi ili mwanafunzi ajue yupo wapi na bado nini, na mwaka 1883 akawapa ngazi ya dan ya kwanza vijana wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro. Mkanda mweusi ulifuata miaka michache baadaye, na karate iliuchukua kutoka kwake katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mtoto wa Mwanza au Kisumu anayeuota mkanda huo anaota jambo lililobuniwa na mwalimu wa shule, mtu aliyeongoza chuo cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi na ambaye mwaka 1909 alikuwa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifia melini mwaka 1938, akirudi nyumbani kutoka mkutano wa kamati hiyo uliofanyika Cairo, na mazoezi ya Kodokan yakaendelea. Simtakasi. Uongozi wa Kodokan ulibaki mikononi mwa ukoo wake hadi 2009, na mtu anaweza kuuliza kama huo nao si ufalme. Tofauti ni kwamba kufikia hapo judo yenyewe haikuwa tena mali ya ukoo. Mwalimu wa Paris au Havana aliweza kuifundisha yote bila kumwomba mtu siri.

Ushahidi ulio safi zaidi unapatikana London, kwa sababu pale sanaa ilikuwa ileile, mji uleule, na kwa sehemu hata mwalimu yuleyule. Mhandisi Edward Barton-Wright alirudi Uingereza kutoka Japani mwaka 1898 akiwa na wazo la kuchanganya jujutsu, ndondi, mateke ya Kifaransa na mapigano ya fimbo. Mchanganyiko wenyewe akauita Bartitsu, kwa jina lake, na huo peke yake ni ujumbe. Akafungua klabu ya watu wenye nafasi mtaa wa Shaftesbury Avenue, akamleta kijana Mjapani Yukio Tani afundishe, akafanya maonyesho na kuandika makala magazetini. Kufikia 1902 klabu ilikuwa imefungwa. Tani akaenda kwenye kumbi za burudani, ambako alikuwa akipigana mieleka na yeyote aliyepanda jukwaani akidhani ataweza kustahimili dakika chache na kuondoka na zawadi. Barton-Wright aliishi hadi 1951 na akafa maskini. Mwaka 1918, Mjapani mwingine, Gunji Koizumi, mfanyabiashara na fundi wa vyombo vya laka, alifungua Budokwai. Fedha za kuanzia zilikuwa zake, lakini jina halikuwa lake. Ilikuwa klabu ya wanachama. Tani, yuleyule wa Bartitsu na majukwaa, akawa mwalimu wake. Kano alipopita London mwaka 1920 aliikuta ikifanya kazi, na Koizumi na Tani wakaingia rasmi katika ngazi za Kodokan. Budokwai ipo mpaka leo. Ufundi wa Tani haukupungua alipokuwa kwa Barton-Wright wala haukuongezeka alipofika kwa Koizumi.

Hapa ndipo lazima tuzungumze fedha, jambo ambalo walimu wengi wa michezo hii hulionea haya. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate, umri wake umeshapita miaka hamsini, akabaki huko. Alilala katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, akawa anafagia uwanja na kulinda lango. Katika kumbukumbu za maisha yake ameeleza kwamba alimfundisha mpishi wa bweni karate ili apunguziwe bei ya chakula. Kisa hiki hupenda kusimuliwa ili kuthibitisha kwamba mwalimu wa kweli hafundishi kwa ajili ya pesa. Mimi nakisoma kinyume chake. Funakoshi alikuwa anatoza. Mpishi alilipa kwa wali, na wote wawili walijua bei. Hakuna shule ya bure duniani. Kuna kodi ya ukumbi, umeme, magodoro yanayochanika, nauli ya mwalimu, na dawa ya mguu uliotenguka. Kama mwanafunzi halipi, analipa mwalimu kutoka mfukoni mwake, au mfadhili, au mke wa mwalimu ambaye hakuna aliyemuuliza. Aibu ya kutaja ada haiifuti gharama. Inailazimisha ipite mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma wa michezo hii unajulikana: mtihani wa mkanda.

Tazama hesabu yenyewe. Mwalimu anayetoza kiasi kidogo sana kwa mwezi, au asiyetoza kabisa kwa kuona haya, hujikuta anategemea ada ya mtihani. Mtihani una rangi nyingi, na kila rangi ni risiti. Mwanafunzi akifeli anaweza asirudi, na asiporudi mapato ya mtihani ujao yamepotea. Mtahini ni mwalimu huyohuyo. Hatuhitaji kumdhania ubaya ili tuone mwisho wa jambo hili: mkanda utatolewa mapema, kisha mapema zaidi, hadi siku mwenye mkanda wa kahawia atakapokutana na mtu mlevi kituo cha daladala na kugundua kwamba alichonunua ni kitambaa. Kinyume chake, mwalimu anayepokea ada ya mwezi inayotosha hana sababu ya kuharakisha rangi. Anaweza kumwambia mwanafunzi bado, na kesho kutwa akamwona mazoezini. Ada ya wazi, ambayo wengi huiona ndiyo doa la biashara, kwangu ndiyo ngao ya mkanda.

Najua hoja ya watoto wa maskini, na ni nzito. Klabu nyingi za miji yetu zinafanyia mazoezi katika madarasa baada ya masomo, chini ya miembe au ufukweni, na mwalimu akidai ada atawapoteza hasa wale wanaouhitaji mchezo huu kuliko wengine. Sikubali kwamba jibu ni kufuta ada kwa wote. Jibu ni kuitaja, kisha kusamehe kwa majina na kwa maandishi: huyu analipa yote, huyu nusu, huyu halipi na badala yake anafika mapema kupanga magodoro. Msamaha ulioandikwa ni haki ya mwanafunzi. Ule usioandikwa ni fadhila ya mwalimu, na fadhila katika chumba ambamo mtu mzima ana mamlaka juu ya miili ya watoto ni jambo la kuangaliwa kwa macho mawili. Nashangaa kwamba kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) cha akina mama wachache huwa na daftari la mahudhurio, katiba na mweka hazina, wakati klabu yenye watoto wengi wanaofundishwa kukabana shingo inaendeshwa kwa kumbukumbu za kichwa cha mtu mmoja.

Shule iliyojengwa juu ya umaarufu wa mtu mmoja huishia wapi? Oyama alifariki mwaka 1994, na jumuiya aliyoiacha ilikuwa na matawi katika nchi nyingi. Mrithi alitajwa katika wosia uliotolewa mdomo akiwa mgonjwa hospitalini, familia ikaupinga, kesi ikafika mahakamani, na Kyokushin ikapasuka vipande ambavyo mpaka sasa havijaungana. Mtu aliyekuwa na nidhamu ya chuma katika mazoezi hakuweka nidhamu hiyo kwenye karatasi. Na huo bado ni mfano wa heshima. Mfano wa aibu ni John Keehan wa Chicago, aliyejiita Count Dante, mtengeneza nywele na mkanda mweusi, aliyejitangaza katika vijitabu vya katuni kuwa ndiye mtu hatari kuliko wote walio hai na kuuza siri za kuua kwa njia ya posta. Haki yake apewe: ni miongoni mwa walimu waliowapokea wanafunzi weusi wakati shule nyingi za mji ule hazikutaka kuwaona. Lakini mwaka 1965 alikamatwa kwa tukio la kutaka kulipua shule ya mshindani wake, na mwaka 1970 aliongoza wanafunzi wake kuivamia shule nyingine, ugomvi ambamo rafiki yake Jim Koncevic aliuawa. Yeye mwenyewe alikufa 1975, bado hajafika miaka arobaini. Shule inayouza hatari ya mwalimu wake lazima siku moja iithibitishe hatari hiyo, na wanaopelekwa kuithibitisha huwa ni wanafunzi.

Msomaji atanijibu kwamba bila hao mashujaa hakuna ambaye angeingia ukumbini. Ni kweli, na nusu ya kweli hiyo tunaijua vizuri hapa Afrika Mashariki. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na filamu yake ya *Enter the Dragon* iliyotoka mwaka huohuo ilijaza kumbi za karate na kung-fu duniani kote, zikiwemo zile ambazo hazikuwa na mwalimu. Baadaye vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala vilikuza kizazi kizima kwa filamu za Hong Kong, watafsiri wakizungumza juu ya sauti za waigizaji kwa Kiswahili na Kiganda. Studio ya Isaac Nabwana huko Wakaliga, iliyotupa *Who Killed Captain Alex* mwaka 2010, ni mtoto wa vibanda hivyo, na watoto wa mtaa ule wanafanya mazoezi ya kung-fu mpaka leo. Hata hivyo Bruce Lee mwenyewe alizifunga shule zake tatu, za Seattle, Oakland na Los Angeles, mwaka 1970, kwa kuhofia kwamba wanafunzi wangeshika jina na utaratibu wakaacha ukweli. Kama falsafa, naiheshimu. Kama uendeshaji wa shule, ni kufunga duka. Sanaa yake ilifika kwetu kwa njia mbili: sinema, iliyobeba sura yake, na wanafunzi wake kama Dan Inosanto na Taky Kimura, walioendelea kufundisha kimyakimya, huyu wa pili chini ya duka lake la vyakula mjini Seattle. Sura huleta watu mlangoni. Anayewakuta ndani mwezi wa sita, wakati filamu imeshasahaulika na kinachobaki ni kurudia teke lilelile, ni mtu mwingine mwenye kazi nyingine. Hata kina Gracie, mabingwa wa kutangaza ubabe, jiu-jitsu yao inatokana na judo ya Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan aliyefika Brazil mwaka 1914.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni lile la upande wa pili: kwamba daftari likishakuwa kubwa hugeuka ukuta. Keiko Fukuda, mjukuu wa mmoja wa walimu wa Kano na mwanafunzi wa Kano mwenyewe, alifikia dan ya tano mwaka 1953 akasimamishwa hapo kwa takriban miaka ishirini, kwa kuwa taratibu za Kodokan hazikumruhusu mwanamke kupanda zaidi. Alipewa dan ya sita mwaka 1972, baada ya watu kulalamika, na ya tisa mwaka 2006 akiwa bibi kizee. Hakuwa dhaifu miaka yote hiyo. Maandishi ndiyo yalikuwa dhaifu. Na Japani hiyohiyo, nchi ya mitaala na vyeti, ilipoteza watoto zaidi ya 100 katika judo ya shuleni kwa muda wa miongo mitatu hivi kuanzia 1983, wengi kwa majeraha ya kichwa. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba karatasi inatosha. Ninachodai ni kwamba bila karatasi hata kosa halionekani. Vifo vile vilijulikana kwa sababu shule zilikuwa na kumbukumbu za ajali, mtafiti akazihesabu, wazazi wakapiga kelele, na kanuni za usalama zikabadilishwa. Kizuizi cha Fukuda kilipigwa vita kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa na kila mtu alikiona. Mwalimu anayempunja binti kwenye klabu isiyo na kumbukumbu hana cha kujibu, maana hakuna kinachomshtaki.

Ufaransa ilikwenda hatua moja mbele. Mikinosuke Kawaishi alipofika Paris katikati ya miaka ya 1930 aliwapangia Wafaransa judo kwa namba na mikanda ya rangi, kwa kuwa aliona mwanafunzi wa kule anapenda kujua amefika wapi. Novemba 1955 serikali ya Ufaransa ikapitisha sheria inayohusu kazi ya kufundisha judo na jujutsu na ufunguzi wa kumbi za mazoezi: anayefundisha kwa malipo awe na diploma ya taifa. Mkanda mweusi peke yake haukumfanya mtu kuwa mwalimu. Leo shirikisho la judo la Ufaransa lina wanachama zaidi ya nusu milioni, wengi wao watoto, na nchi hiyo imeipita Japani, chimbuko la mchezo, kwa idadi ya wachezaji walioandikishwa. Bingwa wa judo Teddy Riner ni tunda la mti huo. Watu humtazama yeye wakasahau maelfu ya walimu wa vitongoji ambao hakuna anayejua nyuso zao.

Wapo wanaosema kwetu sanaa za kujihami zilirithishwa bila makaratasi, na watataja kirumbizi cha Lamu na Zanzibar, ambapo vijana hupambana kwa fimbo katikati ya ngoma na zumari, wazee wakitazama. Wanasema kweli, ila wanasahau wale wazee. Kijana wa kirumbizi alifundishwa na mjomba mbele ya mtaa mzima, na aliyevuka mpaka alishikwa mkono papo hapo na mtu anayemjua baba yake. Mwalimu wa karate wa mjini ni mgeni kwa wazazi wengi. Anawapokea watoto saa kumi jioni, mlango unafungwa, na hakuna mzee aliyekaa pembeni. Daftari linashika nafasi ya wazee hao.

Sheria tunazo. Tanzania ina Baraza la Michezo la Taifa tangu sheria ya 1967, na Kenya iliweka Msajili wa Michezo kwa sheria ya 2013. Najua jibu la walimu: usajili ni foleni, ni kuombwa chai, ni fomu inayopotea mezani. Basi wasianzie serikalini. Klabu ianze na ubao mlangoni wenye ada, ratiba, majina ya walimu na ngazi zao, na nani aliwapa. Iwe na daftari la mahudhurio na la ajali, lililo wazi kwa mzazi yeyote. Mtu wa pili aandaliwe tangu mwaka wa kwanza, awe anafundisha siku moja kwa wiki, ili mwalimu akiugua malaria ukumbi usifungwe. Chama cha Kijapani cha karate, JKA, kilipoanza kozi ya kuandaa wakufunzi mwishoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa kinafanya jambo hilohilo kwa ukubwa wake, na wahitimu wake ndio waliotawanya mtindo wa Shotokan nje ya Japani. Kilicho kigumu kuliko vyote hakina gharama ya fedha: mtihani wa mkanda usimamiwe na mwalimu wa klabu nyingine, na ada ya mtihani isiguse mfuko wa aliyefundisha. Walimu watasema mitindo inatofautiana, na kwamba jirani ataonea wanafunzi wao kwa wivu. Mitindo inatofautiana, ndiyo, lakini uwezo wa kuanguka bila kuumia, kusimama imara na kumheshimu mwenzako hautofautiani kiasi hicho. Na kama wivu unahofiwa, wakae watahini watatu. Mwalimu ambaye bado atakataa mwanafunzi wake asitazamwe na macho mengine awaandikie wazazi sababu zake, aweke sahihi, na barua hiyo ibandikwe kwenye ubao uleule wa ada.